Mzigo Uko Wapi?

Kila asubuhi maelfu ya watu huingia katika mitaa ya Kariakoo, mjini Dar es Salaam, kununua na kuuza, na kwa hakika ni wachache miongoni mwao wanaokumbuka jina hilo lilikotoka. Halikuwa jina la soko. Waingereza walipoutwaa mji huu mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, waliwaweka mahali hapo wapagazi wa jeshi lao, kikosi kilichoitwa Carrier Corps, nasi kwa ulimi wetu tukakifanya Kariakoo. Nairobi nako kuna mtaa wenye jina kama hilo, kwa sababu iyo hiyo. Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu, na waliouawa na maradhi, njaa na uchovu walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Basi soko kubwa kupita yote nchini limesimama mahali palipokuwa kambi ya watu waliobeba mizigo ya wengine.

Habari hii hatuileti mbele ya wasomaji wetu kwa kupenda kusimulia mambo ya kale tu. Wafanyabiashara wengi huuliza juu ya mitaji, kodi na mikopo, na mambo hayo yastahili kuulizwa. Lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza jinsi mzigo unavyotoka unakotoka hata ukafika unakokwenda, na ni gharama ngapi zilizouingia humo njiani. Hali tukienda kwa mtu ambaye duka lake limefungwa, tukaketi naye tukamsikiliza vizuri, aghalabu twaona kwamba hakushindwa kuuza. Alishindwa kuwa na kitu cha kuuza siku wateja walipokuja, au alikuwa nacho kingi mno siku ambazo hawakuja. Elimu ya mambo haya ndiyo iitwayo ugavi, nayo si elimu ya mashirika makubwa peke yao.

Na tuanze na mpagazi mwenyewe, maana hesabu yake ni nyepesi na yafundisha mengi. Katika misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70, ambazo kwa vipimo vya leo ni kilo 32 hivi. Posho yake ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, kama ratili moja na nusu. Sasa tuseme mpagazi huyo amebebeshwa nafaka tupu, naye ale katika mzigo alioubeba. Siku ya 47 gunia litakuwa tupu, na mtu mwenyewe atakuwa amefika mahali akiwa hana kitu cha kumpa yeyote. Tena, kama yampasa kurudi alikotoka kwa chakula hicho hicho, hawezi kwenda mbele zaidi ya siku 23, wala hatawaachia watu wa huko hata punje moja. Ndiyo sababu misafara haikubeba nafaka bali pembe za ndovu, nguo na shanga, vitu ambavyo uzito wake ni mdogo na thamani yake ni kubwa, na chakula kikanunuliwa njiani. Ndiyo sababu pia Tabora ukawa mji mkubwa, kwa vile palikuwa mahali pa kupumzika, kununua chakula, kubadilisha wapagazi na kungojea habari za mbele. Mabwana wale wa misafara hawakusoma vyuo vya biashara, lakini walilijua jambo ambalo wengi wetu twalisahau, kwamba safari hula mzigo.

Lori nalo hula. Hula mafuta, magurudumu, posho ya dereva na utingo wake, ushuru wa mizani, na siku za kungoja mpakani. Mtu anayetuambia kwamba amenunua viatu Guangzhou kwa bei ya chini sana hajatuambia neno bado. Kutoka mlango wa kiwanda viatu hivyo vitakwenda ghala la wakala anayekusanya mizigo ya watu wengi, maana mwenye mtaji mdogo hawezi kujaza kontena peke yake, naye hulipa kwa mita ya ujazo. Kutoka ghala hilo vitakwenda bandarini kwao, vitavuka bahari, vitashushwa bandarini kwetu, vitakadiriwa ushuru wa forodha, vitapakiwa tena, vitashushwa tena, na mwisho vitapandishwa kichwani kwa mchukuzi hadi ghorofa ya tatu ya jengo la Mtaa wa Kongo. Katika kila hatua pana mkono unaolipwa, na katika kila mkono pana nafasi ya kuchelewa, kuloa, kuvunjika au kupungua. Bei ya kweli ya kiatu ni ile iliyopatikana baada ya mikono yote hiyo kulipwa. Mfanyabiashara asiyeijua bei hiyo huuza kwa kukisia, na aweza kuuza kwa hasara mwaka mzima akidhani anapata faida kwa kuwa fedha zaonekana mkononi.

Jinsi mkono unavyolipwa nayo yataka kuangaliwa. Wasomaji wetu wa mashambani waijua lumbesa, lile gunia la viazi au vitunguu lililojazwa, likashonewa kilemba juu, likasongwa kwa kamba mpaka likawa kama gunia moja na nusu. Serikali imeikataza mara nyingi, na wakulima wamelalamika kwa haki kwamba wanaibiwa. Lakini imedumu, na sababu moja ya kudumu kwake ni kwamba nauli ya lori, ushuru wa soko na ujira wa mpakizi hutozwa kwa gunia, wala si kwa kilo. Maadamu malipo ni kwa gunia, mnunuzi atalikuza gunia. Mwenye lori hulipwa kwa magunia 100 naye amebeba uzito wa 140 au 150; akifika mizanini hutozwa faini, na faini hiyo hurudi kwa mkulima msimu unaofuata kwa njia ya bei ndogo. Hapa waona kwamba kipimo kibaya shambani chaweza kuharibu barabara ya lami iliyo mbali na shamba. Mizani katika kila kituo cha kununulia mazao ingefanya kazi ambayo makatazo yameshindwa kuifanya.

Kipimo kizuri nacho kina nguvu zake. Tarehe 26 Aprili, 1956, meli iitwayo Ideal X iling'oa nanga Newark, karibu na New York, ikielekea Houston, nayo ilikuwa imebeba masanduku 58 ya chuma sitahani. Mwenye wazo hilo alikuwa Malcom McLean, mtu wa malori, wala si baharia. Yeye alichoshwa na kuona malori yake yakingoja gatini kutwa nzima, huku makuli wakishusha mzigo furushi baada ya furushi na kuuingiza ndani ya meli kwa nyavu. Akauliza kwa nini lisipandishwe sanduku zima na vyote vilivyomo. Watu wake walipopiga hesabu, gharama ya kupakia tani moja kwa mtindo wa zamani ilikuwa kama dola 5.86, na kwa mtindo wa masanduku ikashuka hadi senti 16. Wasomaji na wazitazame tena tarakimu hizo, maana si kosa la mpiga chapa.

Hata hivyo sanduku lenyewe halikuwa ajabu. Masanduku yalikuwako tangu zamani. Lililobadilisha dunia ni mapatano ya vipimo. Katika miaka ya 1960 mataifa yalikubaliana urefu, upana na namna ya pembe za kontena, hata leo kontena la futi 20 au 40 lililojazwa China laingia katika winchi ya Dar es Salaam, Mombasa au Rotterdam bila kuulizwa kabila lake. Sisi wenyewe twaijua hasara ya kukosa mapatano ya namna hiyo. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1,000. Reli ya TAZARA ina milimita 1,067, ili ipate kuungana na reli za kusini mwa Afrika. Tofauti ni milimita 67, upana wa vidole vitatu au vinne vya mtu mzima. Lakini kwa vidole hivyo behewa la reli moja halikuweza kupita juu ya nyingine, na ilibidi kujengwa kituo cha kuhamishia mizigo pale Kidatu, ambako reli hizo mbili zakutana. Na sasa imekuja reli mpya, ambayo treni zake za abiria zilianza kwenda Morogoro na Dodoma mwaka 1024+1000, yaani 2024, kwa upana wa milimita 1,435. Ni reli ya kisasa na twaifurahia, ila mizigo itakayotoka katika moja kwenda katika nyingine itahitaji mikono ya kuihamisha, na mikono hiyo lazima iingizwe katika hesabu tangu mapema.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo linalowaangusha wenye mitaji midogo kuliko yote, nalo ni muda. Mtu huona fedha zinazotoka mfukoni, siku hazioni. Tuchukue mfano. Mama mmoja ana mtaji wa shilingi 20,000,000. Anaagiza vitenge na vyombo vya nyumbani, na kila mzunguko, gharama zote zikiisha kulipwa, humwachia faida ya sehemu 10 katika 100, yaani shilingi 2,000,000. Ikiwa tangu siku ya kulipa kiwandani mpaka siku ya kuuza kipande cha mwisho hupita siku 90, mama huyo atazungusha mtaji wake mara 4 kwa mwaka, na faida yake itakuwa shilingi 8,000,000. Akiweza kupunguza siku hizo zikawa 60, atazungusha mara 6 na kupata shilingi 12,000,000. Hakupandisha bei hata senti moja, hakukopa, wala hakubembeleza mteja mpya. Alipunguza siku 30 tu za mzigo kulala. Na tukiuliza siku hizo zililala wapi, mara nyingi hazikulala baharini, maana meli haina haraka wala haina uvivu. Zililala kiwandani kwa kuwa rangi haikuthibitishwa mapema, zililala kwa wakala aliyengoja kontena lijae, zililala bandarini kwa kuwa hati hazikutimia, na nyingine zililala katika ghala la mama mwenyewe, ndani ya maboksi ambayo hakuyafungua kwa sababu hakujua yamo.

Muda huo hauna thamani moja kwa kila kitu. Sufuria iliyochelewa mwezi mmoja ni sufuria ile ile. Mbolea iliyofika baada ya mvua za kupandia ni magunia ya kujaza ghala. Nyanya iliyofika Dar es Salaam siku mbili baada ya siku yake, ikiwa chini kabisa ya tenga, chini ya matenga mengine matano, si nyanya tena, na mwenye lori hudai nauli yake kamili vile vile. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba njia ya bei rahisi ndiyo bora daima. Yafaa kwanza kuuliza kitu hiki chaweza kungoja siku ngapi.

Habari ya mbolea yatukumbusha majirani zetu wa Zambia, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hatujui mfano mwingine katika Afrika unaoonyesha waziwazi zaidi maana ya njia ya mizigo katika maisha ya taifa. Zambia ilipata uhuru wake tarehe 24 Oktoba, 1964. Zaidi ya sehemu 90 katika 100 za fedha zake za kigeni zilitoka katika shaba, na sehemu kubwa ya shaba hiyo ilipita kwa reli ya Rhodesia hadi bandari za Msumbiji, iliyokuwa chini ya Wareno. Makaa ya mawe ya kuyeyushia shaba yalitoka Wankie, huko huko Rhodesia, na mafuta ya petroli yalitoka katika kiwanda kilichokuwa karibu na Umtali. Njia hiyo ilikuwa nzuri, fupi na ya bei nafuu. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba ufunguo wa mlango ulikuwa mfukoni mwa mtu mwingine.

Tarehe 11 Novemba, 1965, walowezi wa Rhodesia wakiongozwa na Ian Smith walijitangazia uhuru wao, na Uingereza ilipowawekea vikwazo vya mafuta mwezi uliofuata, wao wakaikatia Zambia mafuta. Ndege za Uingereza, Marekani na Kanada zikaanza kupeleka mapipa ya mafuta kwa njia ya anga. Msomaji aliyekumbuka hesabu ya mpagazi ataona mara moja shida ya jambo hilo: ndege nayo hunywa mafuta ili ibebe mafuta. Malori nayo yakapewa mapipa kutoka Dar es Salaam, yakapita barabara ya vumbi ambayo wakati wa masika ilikuwa tope hadi magotini, na madereva waliopinduka katika milima na mabonde ya njia hiyo wakaipa jina la barabara ya jehanamu. Gharama za miaka hiyo zilikuwa kubwa, lakini majirani hawa hawakukaa kulia. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, likaanza kupeleka mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Mwaka 1970 ujenzi wa reli ukaanza kwa msaada wa China, na mwaka 1976 reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ikakabidhiwa rasmi.

Wengi huimaliza hadithi hapo, kwa sherehe. Sisi twaona funzo kubwa liko katika miaka iliyofuata. Mwaka 1973 mpaka wa Zambia na Rhodesia ulifungwa. Mwaka 1975 vita vya Angola vikaifunga reli ya Benguela iliyokwenda bandari ya Lobito. Mizigo yote ikaelekea upande mmoja, upande wetu, na bandari ya Dar es Salaam ikaelemewa. Mabehewa na injini za reli mpya nazo hazikutosha. Oktoba 1978 Rais Kaunda, ambaye hakuna awezaye kumshuku kwa mapenzi juu ya Smith, alilazimika kuifungua tena njia ya kusini, na sababu moja kubwa ilikuwa mbolea, ambayo isingefika kwa wakulima kabla ya mvua. Reli ilikuwapo, bandari ilikuwapo, nia ilikuwapo. Kilichokosekana ni vitu vinavyoonekana vidogo: winchi, mabehewa ya kutosha, vipuri, ghala, na watu wa kupanga kipi kitangulie. Bandari ni mlango na reli ni ujia, lakini mlango mpana katika ujia mwembamba huleta msongamano tu.

Na asidhani mtu kwamba mambo ya njia moja yaliisha na wakoloni. Tarehe 23 Machi, 2021, meli moja yenye urefu wa mita 400, jina lake Ever Given, ilikwama katika Mfereji wa Suez ikauziba kwa siku sita, na mamia ya meli yakabaki yakingoja pande zote mbili. Tangu mwishoni mwa mwaka 2023 mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalizifanya meli nyingi zizunguke Rasi ya Tumaini Jema, safari ikarefuka kwa siku 10 au zaidi, na nauli zikapanda. Mwenye duka la vipuri vya magari Arusha hakuuziba mfereji wala hakurusha kombora, lakini alilipa.

Basi afanye nini mtu wa duka? Hawezi kujenga reli. Aweza kuweka akiba, na aweza kuijua akiba yake. Hapa kuna mabishano ya wataalamu, nasi tutayasema kwa ufupi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Toyota huko Japani, kwa mawazo ya mhandisi wake Taiichi Ohno, ilianza kuona kwamba mali iliyolala ghalani ni fedha iliyolala na tena huficha makosa. Wakaamua kwamba kila kifaa kifike kiwandani saa kinapohitajika, wala si kabla. Mtindo huo uliwatajirisha, na dunia nzima ikauiga. Kisha tarehe 1 Februari, 1997, moto uliteketeza kiwanda kimoja cha Aisin mjini Kariya, kilichotengeneza kifaa kidogo cha breki kwa karibu magari yote ya Toyota. Akiba iliyokuwapo ilikuwa ya saa chache. Kwa siku chache viwanda vya Toyota nchini Japani vikawa vimesimama karibu vyote. Waliookolewa waliokolewa na majirani: makampuni mengine, hata yasiyowahi kutengeneza kifaa hicho, yalipewa michoro yakaanza kukichonga kwa mashine zao, na baada ya wiki moja hivi kazi ikarejea. Kwa hiyo mtindo wa Ohno haukuwa wa uongo, lakini ulitegemea barabara nzuri, jirani mwaminifu na habari zinazofika upesi. Mahali penye upungufu wa mambo hayo, mtu anayeiga kutokuwa na akiba ameiga koti bila suruali.

Akiba ya kiasi gani, basi? Hesabu yake haimshindi mtoto wa darasa la saba. Tuseme duka la vifaa vya ujenzi Sumbawanga huuza mifuko 30 ya saruji kwa siku, na tangu kuagiza hadi lori kufika hupita siku 8. Katika siku hizo 8 zitauzwa 240. Mwenye duka akingoja mpaka ibaki mifuko 50 ndipo aagize, kwa siku sita na zaidi atakuwa akiwaambia mafundi warudi kesho, nao hawatarudi, watakwenda kwa jirani. Akiagiza ikiwa imebaki 240, atanusurika iwapo lori halitaharibika. Na kwa kuwa malori huharibika, aongeze akiba ya siku 5, yaani mifuko 150. Basi ikibaki mifuko 390 kalamu ichukuliwe. Kwa misumari, ambayo haiharibiki wala haili nafasi, akiba yaweza kuwa kubwa zaidi. Kwa saruji, inayoganda ikipata unyevu, kuwa na ya miezi mitatu ni kujitafutia mawe.

Hesabu hiyo huharibiwa na kitu kimoja, nacho ni uvumi. Kila mwaka kabla ya mwezi wa Ramadhani tumeona mchezo ule ule katika sukari. Mteja mmoja asikia kwamba sukari itaadimika; badala ya kilo 2 anunua 4. Mwenye duka aona mauzo yamezidi mara mbili, naye kwa hofu aagiza mara tatu kwa muuzaji wa jumla. Muuzaji wa jumla, akiona maduka yote yamezidisha, aagiza mara tano. Kiwandani au bandarini kwaonekana kana kwamba taifa zima limeanza kunywa chai mchana na usiku, hali vinywa ni vile vile. Mwezi ukiisha, sukari imejaa kila ghala, hakuna anayeagiza, na kiwanda kinadhani watu wameacha chai. Kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani iliwahi kuona jambo hilo hilo katika nepi za watoto: watoto walizitumia kwa kiasi kile kile wiki hata wiki, lakini maagizo yaliyofika juu yalipanda na kushuka kama mawimbi. Dawa iliyopatikana si ghala kubwa zaidi. Ni kumwezesha aliye juu kuona mauzo ya kweli ya dukani, badala ya kuona hofu za waliopo katikati. Wauzaji wetu wa jumla huficha habari hizo kama siri ya nyumba, na wenye maduka huwaficha wao vile vile, kisha wote hulalamika kwamba biashara haitabiriki.

Neno la mwisho ni juu ya hati, nalo tutalisema kwa aibu kidogo. Ofisi hii huagiza karatasi za kupigia chapa kutoka ng'ambo. Miaka kadhaa iliyopita shehena yetu ilifika bandarini, nasi tukangoja. Zikapita siku 3, zikapita 10. Tukapunguza kurasa, tukaazima marobota kwa wenzetu kwa bei ambayo hatupendi kuikumbuka, tukaandaa hata tahariri kali juu ya uzembe wa watu wa bandari. Kabla haijachapwa tulikwenda kumwona wakala wetu wa forodha, mzee wa makamo aliyezeeka katika kazi hiyo, tukamwuliza mzigo uko wapi.

"Bwana mhariri," akatujibu, "mzigo wenu umefika zamani. Ninyi mnangojea karatasi, na kilichokwama ni karatasi."

Akafungua jalada, akatuonyesha. Katika ankra uliandikwa uzito wa karatasi tupu. Katika hati ya meli uliandikwa uzito pamoja na vifungashio. Na karani wetu, alipojaza fomu, alichukua tarakimu moja huku na nyingine kule, hata hesabu zikakataana. Barua ya kuuliza ilikuwa imeletwa ofisini kwetu tangu siku ya pili, ikawekwa chini ya magazeti ya zamani. Kwa siku 19 tulilipa gharama ya kuhifadhi mzigo bandarini, na juu yake tozo ya wenye meli kwa kuwachelewesha kontena lao. Tahariri ile hatukuichapa.

Tangu hapo pana daftari mezani kwa mtunza ghala wetu, lenye safu nne kwa kila mzigo: siku ulipoagizwa, siku ulipopakiwa melini, siku ulipofika bandarini, na siku ulipoingia ghalani. Kila Jumatatu marobota huhesabiwa kwa mkono, na idadi huandikwa chini ya ukurasa. Mwezi uliopita safu ya tatu ilikuwa imejazwa na ya nne ilikuwa tupu kwa siku nne, na mtunza ghala, bila kungoja kuambiwa, akainua simu.